Bunduki Iliyofanya Kazi Jikoni

Wapendwa, fungeni vitabu vyenu kidogo. Neno tumeshalisoma, lipo, halitatukimbia. Na ninyi wa kwaya mnaonong'ona kule pembeni, nawaona, nawasubiri. Haya. Nataka kuwapa mfano. Msiutafute kwenye kitabu chochote, maana nimeutunga mwenyewe juzi nikiwa jikoni kwangu naota moto, mvua inanyesha taratibu juu ya bati, na sina hakika ni nusu ipi niliiwaza na nusu ipi niliisinzia. Upokeeni hivyo hivyo ulivyo.

Kulikuwa na bwana mmoja, mzaliwa wa pwani, aliyeoa nyanda za juu. Mnazijua nyanda za juu. Kule asubuhi ukifungua mlango hukuti uwanja, unakuta ukungu umekaa nje kama mgeni aliyefika mapema mno. Ng'ombe wa jirani unamsikia akipumua lakini humwoni. Mtu anapita barabarani anakusalimia, unaitikia, na hujui umemwitikia nani. Bwana huyu alimpenda mkewe kiasi cha kuhamia kwao. Akazoea kula viazi, akazoea kuvaa koti mwezi wa saba, akazoea kuitwa shemeji na kijiji kizima, kwa sababu ukioa kwa watu wale umeoa kwa wote.

Kitu kimoja tu kilimshinda kukizoea, nacho ni kukaa bila harufu ya kwao. Kwa hiyo dada yake alikuwa akimtumia chupa za mafuta ya nazi, yale yanayopikwa nyumbani, siyo ya dukani. Mnawajua ndugu zetu wa pwani na mafuta yao ya nazi. Ngozi, mafuta ya nazi. Nywele, mafuta ya nazi. Mlango ukilalamika kwenye bawaba, mafuta ya nazi. Akijipaka usoni na kufumba macho, anarudi mtoto: mama yake yuko uani, jua limejaa kila mahali, sufuria la tui linachemka polepole, na mafuta yanaanza kujitenga juu, ya dhahabu. Mkewe akawa anamtania.

"Baba, ungeruhusiwa ungeyanywa."

"Na nani kakwambia sijawahi?"

Sasa, marehemu baba wa bwana huyu alikuwa mlinzi wa mashamba ya minazi, na alilinda kwa bunduki. Kwa hiyo huyu mwana alikulia kwenye bunduki, anaijua. Kijiji kilipopata kibali cha kuwa na bunduki moja ya kufukuzia nguruwe pori, walimkabidhi yeye. Ilikuwa bunduki ya marisau, hii ambayo wengi tunaiita shotigani, yenye mtutu mmoja, ya kuvunja katikati na kutia risasi kwa nyuma. Siyo kubwa, siyo mpya, lakini ilikuwa ndiyo hiyo.

Na nguruwe pori siyo mchezo. Chini ya nyumba ya bwana huyu, ukivuka kijito, palikuwa na shamba la mama mmoja mjane, mtu wa ukoo wa mkewe. Shamba lake ndilo la mwisho, baada ya hapo ni msitu. Alikuwa na viazi tu. Viazi ndivyo chakula chake, ndivyo nguo yake, ndivyo kila kitu. Kundi la nguruwe likiingia mle asubuhi moja, huyo mama hana mwaka. Kila mtu kijijini alilijua hilo, na bwana wetu alilijua kuliko wote, kwa sababu akisimama mlangoni kwake siku isiyo na ukungu anaviona viazi vya yule mama vinachanua.

Basi, ikafika Jumamosi moja mvua za masika zinaisha. Bwana akaiangalia bunduki akaona kutu imeanza kutambaa. Akasema, hapana, hii ni amana ya watu. Akatandika kitenge kikuukuu jikoni karibu na moto, akakaa chini, akaifungua. Akatoa mtutu. Akatoa kitako cha mti. Akachukua bisibisi akalifungua tumbo la bunduki, akatoa springi, akatoa nyundo, akatoa ile pini ndogo inayoigonga risasi kwa nyuma. Akavipanga vyote juu ya kitenge kwa utaratibu, kile kilichotoka kwanza kule, kilichotoka mwisho huku. Akasugua kutu mpaka chuma kikacheka.

Halafu akachukua chupa.

Kwa nini asichukue? Baba yake aliipaka bunduki yake mafuta ya nazi miaka yote, na ililia miaka yote. Akapaka springi. Akapaka nyundo. Kwenye kile kitundu inamopita pini, akamimina kwa upendo mpaka yakafurika. Harufu ikapanda na joto la moto, na bwana wetu akaenda zake. Yuko pale jikoni, mikono inafanya kazi, lakini mwenyewe yuko mbali, baba yake amekaa kwenye mkeka anafuta mtutu, anaimba puani, na hewa ina joto kama maziwa. Akarudisha pini, akarudisha nyundo, akarudisha springi, akafunga.

Najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme kuna kipande kilibaki kwenye kitenge. Hakikubaki. Kila kitu kilirudi mahali pake. Akatia ganda tupu la risasi ya zamani, akafyatua, nyundo ikagonga *ka!*, kavu, safi. Akatabasamu. Akaitundika kwenye chumba cha nyuma, kule kwenye ubaridi, akaenda kulala akiwa na amani yake.

Jumapili, kunaanza kupambazuka. Ukungu ulikuwa mzito hata jogoo aliwika kwa mashaka. Mkewe alikuwa jikoni anachochea moto. Na kutoka huko chini, ndani ya weupe ule, ikaja sauti ya yule mama.

"Shemeji! Shemeji weee! Njoo, wameingia!"

Sauti kwenye ukungu, wapendwa, ni kitu cha ajabu. Haina upande. Inakuja kama imepitia usingizini kwa mtu mwingine kabla ya kukufikia wewe. Bwana akaamka, akatia koti, akachukua bunduki na risasi, akatoka. Akashuka hadi karibu na kijito. Akaelekeza mtutu juu ili awatishe kwa mlio, akafyatua.

*Tk.*

Akatoa risasi, akatia nyingine. *Tk.* Akaitazama ile risasi nyuma, akaona kialama kidogo tu, kama mtu aliyeiminya kwa ukucha. Pini imeibusu, haikuigonga. Akashangaa. Si jana tu? Si niliisikia mwenyewe? Akageuka, akapanda kurudi nyumbani.

Akaingia jikoni, akakaa pale pale pa jana, karibu na moto. Mkewe akamtolea macho.

"Vipi? Wameondoka?"

"Bunduki haifanyi kazi."

Akaivunja, akachungulia mtutu. Safi. Akaiweka magotini, akaigeuza huku na huku, akahesabu kichwani alivyoirudisha. Springi nimeigeuza? Hapana. Nyundo imekaa upande? Hapana. Moto unawaka, chuma kinapata joto mikononi mwake. Akatia ganda tupu, akafyatua, na nyundo ikagonga *ka!*, vilevile kama jana.

"Haa! Si hii hapa, inafanya kazi!"

Akatoka mbio. Akashuka tena kwenye weupe ule, baridi inauma masikio. Akasimama asikilize nguruwe wako upande gani. Akasikiliza kwa muda mrefu, maana sauti zilikuwa zinatembea. Akatia risasi, akainua mtutu, akafyatua. *Tk.*

Niambieni, ingekuwa ni ninyi mngewaza nini? Mngesema ni risasi mbovu. Mngesema muuza duka amewatapeli. Wengine hapa, msinifiche, mngeshaanza kumfikiria jirani, kwamba kuna mtu ana jambo lake na mimi. Bwana wetu aliyawaza yote hayo akiwa anapanda kurudi nyumbani. Kule nyuma yake sauti ikaita tena, shemeji, ikawa ndogo zaidi.

Alipoingia, mkewe alikuwa ameshasimama.

"Baba, twende."

"Subiri. Kuna kitu humu ndani hakijakaa sawa, nakitafuta."

"Yule mama anaita! Njoo hivyo hivyo!"

"Niende na mikono mitupu nikafanye nini? Nguruwe hao! Nipe dakika chache tu."

Mkewe akageuka. Alichukua sufuria na mwiko, akatoka. Bwana akawa anausikia ule mwiko ukigonga sufuria, unashuka, unashuka, mpaka ukungu ukaumeza. Akabaki peke yake na moto wake. Akatandika kitenge, akaifungua bunduki upya. Mtutu, kitako, nyundo, springi, pini. Akawa anafanya kazi nzuri, nataka mlielewe hilo, hakuwa mvivu, alikuwa anajali. Kelele za huko chini zikazidi, zikachanganyikana, halafu zikatulia. Akasema moyoni, ashukuriwe Mungu, wameondoka. Mle jikoni mlikuwa na joto tamu, na harufu ya kwao, na yeye na vyuma vyake.

Hapo ndipo alipoinua macho akaiona chupa.

Mkewe aliiweka pembeni ya mafiga kama alivyozoea kila asubuhi, ili mumewe ajipake kabla ya kwenda kanisani. Upande ulioelekea moto, mafuta yalikuwa yameyeyuka, maangavu ya kupenya mwanga, yanatikisika. Upande ulioelekea mlango yalikuwa bado yameganda, magumu kama mshumaa. Chupa moja, mafuta mamoja.

Akaitazama ile pini mkononi mwake. Akaitazama chupa. Akaanza kucheka peke yake. Kumbe! Kule kwao pwani jua haliachi mafuta yagande, baba yake hakulijua tatizo hili kwa sababu halikuwepo. Huku juu, ukiwa jikoni pini inateleza kama samaki. Ukitoka nje kwenye ubaridi, mafuta yanaganda kwenye kile kitundu, pini inanaswa, inakwenda pole pole kama bibi anayepanda ngazi, inafika kwenye risasi haina nguvu tena. Bunduki nzima, haina kilema, haijapungukiwa kipande. Inafanya kazi vizuri kabisa, mradi uwe jikoni.

Sasa hapa namwona mzee wa kanisa mmoja ameshachukua kalamu. Na kweli, somo lipo, linang'aa. Imani yetu ikiwa humu ndani, na vinanda, na wenzetu wametubana huku na huku, na jasho, na makofi, inagonga *ka!* Tukitoka hapo mlangoni tukakutana na baridi ya Jumatatu, bosi mwenye dharau, mume aliyelewa, jirani aliyehamisha mpaka, tunafyatua, *tk*. Tunarudi Jumapili kuipasha moto tena. Ni kweli, na ningeweza kuishia hapo, mkaniambia mchungaji leo umetubariki, tukaenda kunywa chai.

Lakini mfano haujaisha. Kaeni.

Bwana akamimina mafuta ya taa, akaiosha pini, akaiosha nyundo, akaosha kitundu, akavikausha kwa kitambaa mpaka havina hata dalili ya nazi. Akaifunga bunduki, akatia risasi. Akatoka nje, akainua mtutu kuelekea mbingu, akafyatua, na bonde zima likaitika. Ukungu wenyewe ulikuwa unaanza kuinuka. Ndege wakaruka. Bwana akajaa furaha, akashuka kile kilima anatembea kama mtu anayekwenda kwenye harusi, bunduki begani, na maelezo yake kamili kichwani, jinsi atakavyowaambia habari ya chupa.

Akavuka kijito. Akalikuta shamba limelimwa na pua za nguruwe kutoka mwanzo hadi mwisho, viazi vimetafunwa, vingine vimekanyagwa kwenye tope. Majirani wawili watatu wamesimama na madebe yao. Mkewe amepiga magoti chini, kitenge chake kimechanwa vipande, anafunga mguu wa yule mama. Dume la nguruwe lilikuwa limempasua kuanzia gotini mpaka karibu na kifundo. Alikuwa hai, na angepona. Ila kushika jembe msimu ule, hapana.

Bwana akasimama. Na kwa kuwa maelezo yalishakuwa mdomoni, yakatoka.

"Shemeji, pole sana. Nimeshajua ilikuwa nini. Bunduki haikuwa na kosa lolote, ni mafuta tu. Yale ya nazi, yanaganda kwenye baridi, yanainasa pini. Nimeyatoa yote. Sasa hivi inafanya kazi, mmeusikia mlio?"

Yule mama akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa amechoka, na macho yake yalikuwa na huruma kwa huyu shemeji yake aliyesimama pale na chuma begani.

"Tumeusikia, shemeji," akasema. "Lakini mimi nilikuita wewe. Kuna mahali ulinisikia naita bunduki?"

Bwana akaiteremsha bunduki begani, na mama akaendelea.

"Ungekuja hata na ufagio, shemeji. Tungekuwa wawili, tukapiga kelele, hawa wanyama wangerudi msituni. Wengi wetu huku hatujawahi kuwa na bunduki. Lile dume lilinijia kwa sababu liliona niko peke yangu. Mkeo alipofika na sufuria lake, lilikimbia. Sufuria, shemeji. Ila mimi nilikuwa nimeshaanguka."

Huo ndio mfano wangu. Sina zaidi ya huo, na bwana yule sijui alijibu nini. Nilipokuwa naota moto siku ile nilimtafutia jibu, nikamtafutia, sikulipata, na niliona aibu kwa niaba yake mpaka nikainuka pale motoni.

Maana mtu yule si mwovu. Angekuwa mwovu tungemcheka tukaenda. Ni mtu mwema aliyeitwa na mtu, akaenda kushughulika na kifaa. Kila mara alipopanda kile kilima kurudi jikoni alikuwa na sababu, na sababu ilikuwa ya kweli! Bunduki ilikuwa imenaswa kweli. Na tatizo alilipata, akalitengeneza, na ufundi wake ulikuwa mzuri. Ni nani kati yetu angesimama kumlaumu, kama siyo yule aliye chini na mguu wake?

Ndugu zangu, sisi ni watu wa kutengeneza. Nasema sisi, pamoja na mimi mwenye kola hii. Mtu akilia, tunaunda kamati. Mjane akiita, tunasema ngoja kwanza mfuko wa huruma utune, ngoja sare za akina mama zishonwe, tusiende tunaonekana ovyo. Kijana anazama kwenye pombe, tunasubiri semina ya vijana, na semina inamsubiri mtoa mada, na mtoa mada anasubiri nauli. Yote ni mambo mazuri. Hakuna dhambi kwenye sare. Lakini tukiwa humu kwenye joto letu, tunaimba, tunapanga, tunapasha, kuna sauti huko kwenye ukungu inapungua, na ikinyamaza kabisa tunasema ashukuriwe Mungu, mambo yametulia.

Tangu Pasaka, mzee Ambakisye wa jumuiya ya juu kilimani amelala kitandani. Mnamjua, ndiye aliyezibeba begani nguzo za jengo hili mlilokaa ndani yake. Alituma salamu kwamba angependa kuwaona watu wa kanisa lake. Tulipokea salamu, tukaziandika, tukaziombea. Na kwa nini hatujaenda? Kwa sababu gari la usharika liko gereji. Tumekaa vikao juu ya gari hilo. Tumechangia gari hilo. Fundi anasema ni giaboksi, mwingine anasema ni klachi, na sisi wote tumekuwa mafundi, tukikutana njiani tunaulizana habari za gari, na mimi mwenyewe wiki hii nimekwenda gereji mara mbili. Kwa mzee sijakwenda.

Gari likipona, tutamshukuru Mungu. Ila mzee hakuomba gari.

Nilikuwa na sehemu ya pili ya mahubiri, nimeiandaa vizuri, inabaki hapa mezani. Mzee wa kanisa atatoa baraka badala yangu, na leo sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Kilima ni kirefu kidogo na sina chochote mkononi cha kumpelekea mzee. Mtanikuta njiani.